Paa Linalodondosha Maji Asubuhi Isiyo na Mvua: Tuanze na Mabati au na Kihami Joto?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Mimi na dada yangu tumerithi kijumba cha mbao ambacho marehemu baba alikijenga mahali penye jua kali mchana na baridi kali usiku. Kuta bado ni imara na sakafu haijalegea, lakini paa limechoka. Mabati yameliwa na kutu kwenye mistari ya misumari, na mvua ikija na upepo maji huingia karibu na dohani ya jiko la kuni. Hakuna dari. Ukiinua macho unaona kenchi, papi (zile mbao zinazopigiliwa mabati) na mabati yenyewe, kwa hiyo mchana tunaungua na usiku moto ukizimika baridi inaingia mara moja.

Linalonitatiza zaidi ni kwamba zipo asubuhi tunazoamka na kukuta maji yakidondoka kutoka kwenye mabati juu ya vitanda, ilhali usiku kucha haikunyesha hata kidogo. Fundi aliyekuja kutazama alisema ni matundu ya misumari. Ameshauri tusiyang'oe mabati ya zamani bali tugongelee mapya juu yake, kisha tujaze kihami joto cha sufu ya kioo, yaani nyuzi laini za kioo zinazozuia joto kupita, katikati ya kenchi hadi iguse mabati, na mwisho tufunike kwa mbao za dari. Anasema kazi itakwisha haraka na joto halitakuwa na pa kutokea. Dada yangu angependa vigae vya udongo, kwa sababu kelele ya mvua kwenye mabati humnyima usingizi.

Isitoshe, sehemu ya jikoni iliyoongezwa nyuma baadaye imeezekwa kwa mabamba magumu ya kijivu yanayofanana na saruji, na fundi amependekeza kuyavunja kwa nyundo na kuyafukia shimoni. Fedha tulizo nazo huenda zisitoshe kufanya yote kwa mkupuo mmoja. Je, tutangulize paa au kihami joto? Na ushauri wa fundi huyu tuufuate?

Wako,
Mrithi wa Kijumba

JIBU

Ndugu Mrithi,

Naomba nianze na yale maji ya asubuhi, kwa kuwa ndiyo yatakayoamua namna ya kufanya karibu kila kitu kingine ulichouliza. Maji yanayodondoka baada ya usiku usio na mvua hayatoki nje. Yanatoka ndani ya chumba chenu. Hewa yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi inaweza kubeba takriban gramu 17 za mvuke katika kila mita moja ya ujazo, lakini ikipozwa hadi nyuzi 0 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 5 hivi. Watu wanaolala hupumua mvuke usiku kucha, sufuria huchemka, nguo huanikwa karibu na jiko, na hewa hiyo yenye joto hupanda juu mpaka inapokutana na bati. Bati nalo, usiku ambao mbingu haina mawingu, hupoteza joto kuelekea angani kwa kasi kiasi cha kuwa baridi kuliko hata hewa ya nje. Mvuke ukiligusa hugeuka matone, na matone yakiwa mengi huanguka.

Unaweza kulithibitisha hili wewe mwenyewe bila kifaa chochote isipokuwa tochi. Asubuhi nyingine ya namna hiyo, mulika upande wa chini wa mabati. Kama maji yametokana na tundu, utaona njia moja au mbili za maji zinazoanzia kwenye msumari, na mbao iliyo chini yake itakuwa na doa. Kama ni mvuke uliopoa, utaona bati zima limetoka jasho, hata mahali pasipo na msumari, na hali itakuwa mbaya zaidi baada ya usiku wa anga safi kuliko baada ya usiku wa mawingu. Kwa maelezo yako sina shaka kwamba ni hili la pili, ingawa matundu ya misumari nayo yapo na yanahitaji dawa yake. Hapo hapo nitauliza jambo ambalo barua yako haikulitaja: je, kuna jiko la mafuta ya taa au la gesi linalowashwa ndani usiku ili kuongeza joto? Lita moja ya mafuta ya taa ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji kama mvuke, na mvuke huo wote hubaki chumbani pasipo na bomba la kuutoa. Moshi wake nao ni hatari kwa wanaolala. Jiko la kuni lenye dohani nzuri hutoa unyevu wake nje, na kwa hilo nyinyi mna bahati.

Sasa tazama kitakachotokea mkifuata pendekezo la fundi. Sufu ya kioo huzuia joto kwa sababu ya hewa iliyotulia katikati ya nyuzi zake, lakini mvuke hupenya humo bila taabu. Mkiijaza hadi iguse bati, joto la chumba halitalifikia bati tena, nalo litakuwa baridi kuliko lilivyo sasa, wakati mvuke utaendelea kulifikia kupitia sufu na nyufa za dari. Matone yatazaliwa palepale yanapozaliwa leo, ila badala ya kuanguka kitandani na kuwaamsha, yatanywewa na sufu na kubaki yamegusana na kenchi. Sufu iliyolowa haihami tena. Mbao ikikaa na unyevu unaozidi asilimia 20 ya uzito wake mkavu kwa muda mrefu, kuvu huanza kuila, na dari mpya itakuwa imeficha yote mpaka siku boriti itakapolegea. Fundi wenu si lazima awe mtu mbaya. Amefikiria joto pekee, na unyevu hakuuhesabu. Lakini kwa njia hiyo, kenchi alizosimamisha baba yenu zikadumu miaka yote hii kwa sababu ya kuwa wazi na kupata hewa zitaharibika.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia aina ya bati wala unene wa sufu, kubalianeni kuhusu mpangilio wa tabaka, kuanzia ndani kwenda nje. Kwanza mbao za dari. Juu yake karatasi ya nailoni nzito ya kuzuia mvuke, ikiwa nzima, vipande vyake vikipishana na kuunganishwa kwa utepe, na kila mahali panapopita waya au bomba pakizibwa. Juu ya karatasi hiyo kihami joto. Juu ya kihami, nafasi tupu ya hewa isiyopungua milimita 50, inayoanzia kwenye matundu ya upenu na kutokea kwenye matundu ya kofia ya paa, ili unyevu wowote uliofaulu kupenya upeperushwe nje. Kisha karatasi ya chini ya paa, na mwisho mabati. Karatasi ya mvuke hukaa upande wa ndani kwa sababu kwenu joto la usiku liko ndani. Katika jengo la pwani yenye joto na unyevu linalopozwa kwa mashine, hesabu hubadilika, kwa hiyo msimruhusu mtu awanukulie mpangilio wa jengo la aina hiyo. Matundu ya hewa yawekewe wavu wa chuma wenye vijitundu vya milimita 3 au 4, kwa kuwa panya, popo na nyigu hupenda sana mahali pakavu penye sufu.

Hapa mna njia mbili, nami nina upande ninaouegemea. Mnaweza kufuata mteremko wa kenchi kwa dari na sufu, mkabaki na chumba kirefu kizuri kama kilivyo, au mnaweza kuweka dari ya bapa kwenye usawa wa mtambaapanya, ile boriti inayolala juu ya ukuta na kupokea miguu ya kenchi, na kutandika sufu juu yake. Kwa kijumba cha zamani ningechagua ya pili. Sehemu yote iliyo juu ya sufu inakuwa uwazi wa hewa, kosa dogo la ufundi halileti maafa, mtu anaweza kupanda na tochi kila mwaka kuangalia kenchi, na chumba cha kupasha moto kinapungua. Katika njia ya kwanza unene wa sufu unabanwa na kimo cha kenchi. Kenchi ya milimita 100 ukiiondolea milimita 50 za hewa inabakiza milimita 50 za sufu, ambazo ni kidogo mno, kwa hiyo itabidi kugongelea mbao za kuongeza kina upande wa chini. Njia hiyo hufanywa, tena hufanywa vizuri, lakini humtaka fundi mwangalifu sana. Kwa vyovyote vile, boriti zinazovuka chumba kutoka ukuta hadi ukuta zisikatwe kwa ajili ya kupata kimo, kwa sababu ndizo zinazozuia kuta zisisukumwe nje na uzito wa paa.

Kuhusu unene, msihangaike kutafuta kikomo. Paa lenye mbao za dari tu bila kihami hupoteza zaidi ya wati 2 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto kati ya ndani na nje. Milimita 100 za sufu ya kawaida hushusha upotevu huo hadi kama wati 0.4, na milimita 200 hadi kama 0.2. Yaani milimita 100 za kwanza ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi, na zile za pili huongeza faida ambayo mahali penye baridi kama kwenu bado inafaa kulipiwa. Baada ya hapo kila tabaka huleta nyongeza ndogo zaidi. Ni bora milimita 150 zilizolazwa bila mwanya kuliko 250 zilizosukumwa ovyo, maana mwanya wa kidole pembeni mwa boriti ni njia ya hewa, na sufu iliyobanwa ili ienee hupoteza unene ambao ndio mlioulipia.

Aina za kihami ni nyingi. Sufu ya kioo na sufu ya mwamba ndizo ninazozipendelea kwenu, kwa sababu haziungui, huingia vizuri kwenye nafasi zisizonyooka za jengo la zamani, na huweza kutolewa kukaguliwa. Mabamba ya povu gumu huhami zaidi kwa unene mdogo, na yanaweza kuwafaa mkiamua kufuata mteremko, lakini huungua, na mengine yakigusana na waya za umeme zenye ngozi ya plastiki huifanya ngozi hiyo kuwa ngumu na kupasuka, hivyo waya zipitishwe ndani ya bomba. Povu la kupuliziwa moja kwa moja kwenye mbao siwashauri. Hung'ang'ania kenchi daima, huficha uvujaji, na siku mtakapotaka kujua hali ya mbao hamtaweza kuiona. Karatasi inayong'aa ya alumini huwasaidia wanaoungua mchana, kwa kuwa hurudisha sehemu kubwa ya joto linalotoka kwenye bati kama miale, lakini lazima iwe na uwazi wa hewa wa angalau milimita 25 upande unaong'aa. Ikibanwa kati ya vitu viwili hupitisha joto kama chuma kingine chochote, na mara nyingi sana nimeona ikibanwa hivyo.

Mabati ya zamani yang'olewe yote. Yakibaki, maji yatanaswa kati ya bati na bati na kutu italila hata jipya kutokea chini, skrubu hazitaupata mti vizuri, na zaidi ya yote hamtaziona mbao. Siku paa litakapokuwa wazi ndiyo nafasi yenu ya kuzikagua, na itachukua miaka mingi kabla hamjaipata tena. Chukueni bisibisi na kuichoma kila kenchi, hasa ncha zinazokaa juu ya mtambaapanya, pembe za jengo, na mbao zote zinazoizunguka dohani. Bisibisi ikizama bila nguvu, mbao hiyo imeoza au imeliwa na mchwa, na ipewe mrithi wake, yaani mbao mpya, kabla ya kufunikwa. Zenye unyevu tu zikaushwe chini ya turubai lililoinuliwa ili upepo upite. Msifungie mbao mbichi.

Karatasi ya chini ya paa iwe ya aina inayozuia maji lakini inapitisha mvuke, ilazwe juu ya kenchi ikiwa imelegea kidogo, kisha mbao nyembamba zigongelewe kufuata mteremko juu ya kila kenchi, na papi zilazwe juu ya mbao hizo. Hivyo tone lolote litakalotoka kwenye bati litateremka juu ya karatasi, chini ya papi, hadi kwenye mfereji wa mvua, bila kuingia ndani. Mabati yafungwe kwa skrubu zenye mpira, zikazwe mpaka mpira ubane tu na si mpaka uvimbe pembeni. Yakatwe kwa mkasi wa mabati, kwa sababu cheche za mashine ya kukatia huunguza zinki na vumbi lake la chuma huacha madoa ya kutu juu ya paa jipya.

Uvujaji wa dohani una sababu yake. Bati la chuma lenye urefu wa mita 4 hurefuka kwa zaidi ya milimita 2 likipata tofauti ya nyuzi 50 kati ya usiku wa baridi na mchana wa jua, na tofauti hiyo juu ya paa ni ya kawaida mahali kama kwenu. Saruji au lami iliyopakwa kuizunguka dohani haiwezi kufuata mwendo huo, hivyo hupasuka, na kupaka tena ni kurudia kazi ileile. Tumieni kola ya mpira unaostahimili joto kali kama dohani ni bomba la chuma, au bati la kuzibia lililoingizwa ndani ya maungio kama ni ya matofali. Na hili ni la moto, si la maji: mbao, povu na karatasi ya mvuke vikae mbali na dohani kwa umbali uliotajwa na mtengenezaji wa jiko na bomba, na uwazi huo usijazwe kitu kinachoweza kuungua. Vijumba vingi vya mbao huungua kuanzia hapo hasa, baada ya mtu kuongeza kihami bila kuifikiria dohani.

Dada yako ana hoja, lakini vigae vya udongo havifai. Mita moja ya mraba ya vigae hivyo ina uzito wa kilo 40 hadi 60, wakati ile ya bati lenye unene wa nusu milimita haizidi kilo 5 hivi. Kwa paa la mita 40 za mraba hiyo ni tofauti kati ya kilo 200 na zaidi ya tani moja na nusu, juu ya kenchi zilizokatwa kwa ajili ya mabati. Mwambie kwamba kelele anayoisikia ni ya bati tupu. Dari na sufu nene vitaipunguza kwa kiasi kikubwa, nami namtakia usingizi mwema msimu ujao wa mvua.

Nakuja kwenye mabamba ya jikoni, na hapa nakusihi umzuie fundi leo hii. Mabamba magumu ya kijivu ya zamani yanayofanana na saruji yachukuliwe kuwa yana asbesto, madini yenye nyuzi ndogo mno, mpaka maabara ithibitishe vinginevyo. Uingereza ilipiga marufuku matumizi yake mwaka 1999 na Afrika Kusini mwaka 2008, lakini kabla ya hapo yaliezekwa kila pembe ya dunia, na zipo nchi ambazo bado zinayatengeneza. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani, na ugonjwa huo huweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30 au zaidi. Bamba zima lililotulia juu ya paa halina hatari kubwa. Nyundo, msumeno, drili na ufagio mkavu ndivyo vinavyorusha nyuzi zake hewani, na anayezivuta ni fundi mwenyewe na watoto watakaocheza hapo kesho yake. Ulizeni mamlaka ya mazingira au ya afya ya mahali mlipo nani ameruhusiwa kuyaondoa na yanapelekwa wapi. Mpaka jibu lipatikane, yaacheni kama yalivyo na msipande juu yake, kwani huvunjika ghafla chini ya mguu.

Kama fedha ni pungufu, tangulizeni paa kwa ukamilifu wake: kukagua na kurekebisha mbao, matundu ya hewa, karatasi ya chini, mabati, dohani na mifereji. Dari na sufu vinaweza kusubiri hadi mwaka unaofuata, na katika kusubiri huko anikeni nguo nje, funikeni sufuria na fungueni dirisha kidogo mnapolala, ili jasho la bati lipungue na karatasi ipokee linalobaki. Msifanye kinyume chake, yaani kununua sufu sasa na kuiweka chini ya mabati yaliyotoboka, kwa kuwa mvua ya kwanza itaiharibu. Na kabla ya kukubaliana na fundi yeyote, huyu au mwingine, mwombeni achore kwenye karatasi tabaka zote za paa kwa mpangilio na awaonyeshe kwa mshale hewa itaingilia wapi na kutokea wapi. Akishindwa kuuchora mshale huo, tafuteni fundi mwingine kabla bati la kwanza halijang'olewa.

Wako,
Mshauri